Tahadhari: Dawa ya Kuongeza Damu Isimfikie Mtoto wa Seli Mundu Kabla ya Kipimo

Mzazi mwenye mtoto wa seli mundu, uwe Webuye, Kimilili, Kiminini au pale mjini Kitale, nakuomba jambo moja kabla hujaingia tena kwenye duka la dawa. Usimnunulie mtoto huyo dawa ya kuongeza damu kwa sababu tu karatasi ya maabara imesema damu iko chini. Nyingi ya dawa hizo ni madini ya chuma. Mtoto wa seli mundu ambaye ameshaongezewa damu mara kadhaa huenda tayari ana chuma kingi kuliko mwili wake unavyoweza kubeba, na kila kijiko unachomnywesha kwa upendo kinazidisha mzigo huo.

Damu kupungua ni jambo moja. Chuma kupungua ni jambo jingine. Mara nyingi huenda pamoja, na ndiyo maana tumezoea kuyachukulia kuwa kitu kimoja. Kwa mwenye seli mundu, mazoea hayo yanaweza kumharibia ini na moyo kabla hajamaliza shule.

Tazama kosa linavyotendeka. Mama anaingia dukani, mtoto mgongoni, karatasi ya maabara imekunjwa ndani ya leso. Muuzaji anauliza, "Mama, damu ni ngapi?" Mama anajibu, "Wameandika saba." Mkono wa muuzaji unakwenda moja kwa moja kwenye rafu yenye chupa za dawa ya maji, nyekundu kama damu yenyewe. "Mpe kijiko asubuhi na jioni, na bitiruti kwa wingi." Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini damu ni saba. Kwa mtoto mwingine aliyedhoofishwa na minyoo, malaria na uji mtupu, chupa ile ingeweza kumfaa. Kwa mtoto wa seli mundu, saba inaweza kuwa kiwango chake cha siku zote, kile anachokwenda nacho shuleni na kuchezea nacho mpira.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya mwenye seli mundu hupinda, hukakamaa na kuvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Mwili hauwahi kuzifidia zote, basi kiwango cha damu kinabaki chini. Lakini chembe inapovunjika, chuma kilichomo ndani yake hakipotei kwa wingi: mwili hukikusanya na kukitumia kutengenezea chembe mpya. Kwa hiyo kinachomkosesha damu mtoto huyu, mara nyingi, ni umri mfupi wa chembe zake. Chuma anacho. Anachohitaji ni asidi ya foliki, kinga ya malaria, chanjo zake zote, penisilini ya kila siku akiwa chini ya miaka mitano, na haidroksiyurea chini ya uangalizi wa daktari.

Hapo kwenye foliki pana mtego. Kidonge wanachopewa akina mama kliniki ya wajawazito kina foliki, ni kweli, lakini ndani yake mna pia miligramu 60 za chuma. Foliki tupu ikikosekana kituoni, kidonge hicho kisichukuliwe kuwa badala yake. Wauguzi, tafadhali waelezeni wazazi tofauti hii mkiwa mmevishika vidonge vyote viwili mkononi, waone kwa macho. Na wewe mzazi, soma pakiti. Ukiona neno lolote linaloanza na "ferro" au "ferrous", hicho ni chuma.

Sasa tuje kwenye damu ya kuongezewa, maana ndiko mzigo mkubwa unakotoka. Painti moja ya damu ya mtu mzima hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mtu mzima mwenye afya, kutoka katika sukuma, maharagwe, ugali na nyama yote anayokula, hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: painti moja inaingiza kwa saa chache chuma ambacho chakula kingechukua miezi mitatu hadi minane kukiingiza. Painti kumi zinaleta gramu 2 na zaidi, ilhali mwili mzima wa mtu mzima, pamoja na damu yake yote, una gramu 3 au 4. Na hapa tunazungumzia mtoto wa kilo kumi na nane.

Na mwili hauna njia ya kukitoa. Chumvi ikizidi, figo huikojoa. Sukari ikizidi sana, nayo hutoka kwa mkojo. Chuma hakina njia kama hiyo. Kinachotoka ni kidogo tu, kupitia ngozi inayobanduka, utando wa utumbo na damu inayomwagika. Kilichobaki huwekwa ini, na ini lina ukubwa wake. Ni kama ghala la mahindi pale Kitale lisilo na mlango wa kutolea: likijaa, magunia yanaanza kupangwa veranda, kisha njiani, kisha sebuleni kwa watu. Chuma kilichofurika ini huingia kwenye moyo, kwenye kongosho linalodhibiti sukari, na kwenye tezi zinazosimamia ukuaji na kubalehe. Ini huota makovu. Moyo hupoteza nguvu na mapigo yake. Kisukari huingia kwa kijana ambaye hakuna mtu kwao aliyekuwa nacho. Msichana anafika miaka kumi na sita hajavunja ungo, na majirani wanaanza maneno yao.

Yote hayo huja polepole, bila maumivu ya kumwamsha mtu usiku. Ndiyo maana natoa tahadhari hii mapema. Miaka ya nyuma watoto wengi wa seli mundu walikufa wadogo, kwa malaria, kwa nimonia, kwa damu kuisha ghafla, kabla chuma hakijapata nafasi ya kuwadhuru. Leo wengi zaidi wanaishi. Wanaingia sekondari, wanaingia vyuoni, na kila mmoja anakwenda na hesabu yake ya painti. Hiyo ni neema, na tusiiachie shimo mbele yake.

Ni nani anayeiweka hesabu hiyo? Angalia daftari la hospitali, lile dogo ambalo kila mgonjwa wetu hutembea nalo. Limeandikwa kwa mikono ya watu wengi, kurasa zimelowa jasho na mvua, jalada limeng'oka. Ukurasa mmoja unasema hemoglobini 4.6, ameongezewa damu. Kurasa chache mbele, ameongezewa tena, kiasi hakikuandikwa. Kisha daftari linajaa, linanunuliwa jingine, na la zamani linabaki kwa shangazi Chwele. Mtoto akilazwa Kitale wakati wa muhula na Bungoma wakati wa likizo, kila wodi inamwona kama mgeni. Ukimuuliza mama painti zimekuwa ngapi tangu azaliwe, atasema, "Nyingi, daktari." Hakuna kipimo cha maana kinachoweza kupangwa juu ya neno hilo.

Basi anza leo. Chukua kalamu, geuza jalada la nyuma la daftari, andika tarehe, hospitali na kiasi cha damu kwa mililita, kila mara mtoto anapoongezewa. Usiposomeka mwandiko wa wodini, uliza. Ukinunua daftari jipya, nakili orodha yote kabla ya kufanya lolote jingine, na piga picha kwa simu. Mtoto akishafika painti kumi, usingoje dalili: omba kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Akifika painti ishirini, au ferritini ikikaa juu ya 1,000 katika vipimo vinavyofuatana, ni wakati wa kuzungumza na daktari juu ya dawa za kuondoa chuma.

Lakini ferritini ina hila yake. Hupanda mtu akiwa na homa, malaria au maambukizi yoyote, hata kama chuma chake ni cha kawaida. Kipimo kilichochukuliwa mtoto akiwa amelazwa na maumivu makali kinaweza kumtisha kila mtu bure. Kichukuliwe akiwa mzima, wiki kadhaa baada ya kupona, kisha kirudiwe baada ya miezi michache.

Wapo watakaosema ninatia hofu kwa kitu ambacho kila kituo cha afya kinakigawa. Nawakumbusha Pemba. Huko, kisiwani penye malaria ya mwaka mzima, watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki kila siku, miligramu 12.5 tu za chuma, kwa matumaini ya kupunguza vifo. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa kwa ugonjwa mkali au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Katika kundi dogo lililopimwa kwa karibu na kutibiwa malaria haraka, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Chuma kilekile, kisiwa kilekile. Kilichotofautiana ni kama mtoto alikuwa anakihitaji, na kama malaria ilikuwa imedhibitiwa.

Kwetu pia malaria ipo: Bungoma iko katika ukanda wa Ziwa wenye malaria ya kudumu. Kitale, juu kwenye baridi ya Trans Nzoia, malaria huja kwa milipuko. Familia zetu ziko huku na huku: shamba Kiminini, nyumba ya babu Sirisia, shule Webuye. Ukanda huu ndio uliotuachia pia jeni ya seli mundu, kwa kuwa mtu mwenye jeni moja tu alikingwa dhidi ya malaria kali na akaishi kuzaa. Mtoto huugua anaporithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Si laana, wala si kosa la mama, ingawa ndiye anayefukuzwa.

Uko ugonjwa mwingine wa kurithi ambao unajaza chuma moja kwa moja, bila damu ya kuongezewa. Ulaya ya kaskazini unajulikana sana, na Ayalandi hasa. Mwaka 1996 wanasayansi waliitambua jeni yake, HFE. Ikiwa na hitilafu, ini halitoi vya kutosha homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kuuambia utumbo, "Basi, chuma kimetosha." Utumbo unaendelea kufyonza miaka nenda miaka rudi, hadi mtu wa makamo anaanza kuumwa viungo vya vidole, ngozi inabadilika rangi, sukari inapanda, ini linakakamaa. Tiba yake ni rahisi ajabu: kutolewa painti ya damu kila wiki hospitalini hadi akiba ishuke, kisha mara chache kwa mwaka.

Miongozo ya Ulaya na Marekani ya kutibu chuma kilichozidi imejengwa juu ya jeni hiyo. Hitilafu kuu ya HFE karibu haipatikani kabisa kwa Waafrika weusi, na hapa ndipo daktari wa Kitale anapoweza kupotezwa na kitabu kizuri. Mgonjwa wake akipimwa jeni na kuambiwa hana, faili linafungwa, chuma kinaendelea kujaa. Afrika ina historia yake ya chuma kuzidi. Mwaka 1929 mtafiti aitwaye Strachan alieleza maini yaliyojaa chuma huko Johannesburg. Kwa muda mrefu lawama zote zilibebeshwa bia ya kienyeji iliyochachuliwa ndani ya mapipa ya chuma, ambayo uchachu wake huyayusha chuma cha pipa. Ila si kila mnywaji aliugua. Mwaka 1992 Victor Gordeuk na wenzake, baada ya kuchunguza familia za kusini mwa Afrika, walionyesha kwamba kuna jambo la kurithi linalokutana na chuma cha kinywaji. Mwaka 2003 ikatambuliwa badiliko katika jeni ya feroportini, protini inayotoa chuma ndani ya seli, badiliko linaloonekana kwa Waafrika, ingawa peke yake halielezi yote.

Kwetu bia ya kienyeji ni busaa: unga wake hukaangwa juu ya bati, huchanganywa na kimea cha wimbi, na siku hizi huchachuliwa katika chombo chochote kilichopo. Mpishi anayetumia pipa la chuma tupu lenye kutu alibadilishe, atumie chungu au plastiki ya vyakula. Na mwanamume wa miaka arobaini na ushei anayekuja kliniki na kisukari, ini lililovimba, vidole vinavyouma na nguvu za kiume zilizokwisha, asipewe tu dawa ya sukari akarudi nyumbani. Apimwe ferritini, na kiwango ambacho transferini, protini inayobeba chuma katika damu, imejaa chuma. Kikipita asilimia 45, ndugu zake wa tumbo moja nao waitwe wapimwe. Tena asipewe vitamini C ya vidonge, kwani huongeza ufyonzaji wa chuma. Na asidhani kupigwa chuku ni sawa na kutolewa damu hospitalini. Chuku haina kipimo, inaacha vidonda, na wembe uliotumika kwa mwingine una hatari zake.

Wizara ya Afya ina mwongozo wa kitaifa wa seli mundu. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa chuma, uliobandikwa ukutani katika kila zahanati, kuanzia Kapsokwony hadi Malakisi, kuanzia Endebess hadi Kiminini, unaosema nani apewe chuma, nani asipewe, na nani apimwe kwanza. Idara za afya za Bungoma na Trans Nzoia ziuandike pamoja, kwa sababu wagonjwa ni walewale. Wakae mezani madaktari wa watoto, wauguzi wa wodi, wafamasia, watu wa maabara, na wazazi wanaobeba madaftari yale. Waseme wazi kwamba mtoto mwenye damu ndogo inayojirudia apimwe seli mundu kabla ya kuandikiwa chuma. Kipimo cha haraka cha tone la damu la kidole kinatoa jibu kwa dakika chache, na hakuna sababu ya kumpeleka mtu Eldoret kwa hilo. Waseme kila mfuko wa damu uandikwe kwa mililita. Waseme ferritini itapimwa wapi na italipiwa na nani, maana bima ya SHA iliyoanza Oktoba 2024 itawafaa watu hawa ikiwa tu kipimo hiki na dawa za kuondoa chuma zinapatikana karibu nao.

Dawa hizo zipo. Deferoksamini huingizwa polepole chini ya ngozi kwa saa 8 hadi 12, usiku baada ya usiku. Deferasiroksi ni ya kumeza, mara moja kwa siku, na ndiyo inayomfaa mtoto wa shule. Zote zinahitaji figo, ini, macho na masikio viangaliwe. Mtu asizinunue kwa kusikia. Kumtoa damu mtoto ambaye hana damu ya kutosha si jambo la kufikiria bila daktari bingwa. Bora zaidi ni kupunguza haja ya kuongezewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, mji ulio ng'ambo tu ya mpaka wetu, ulionyesha kuwa watoto waliotumia haidroksiyurea walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Wazazi wa Bungoma waiulizie kwa jina.

Sasa sikia upande wa pili, na ulishike kwa uzito uleule. Mama mjamzito asiache vidonge vyake vya chuma kwa sababu ya maneno haya. Vinamkinga yeye na mtoto wakati wa kujifungua. Kama ana seli mundu, aulize kliniki atumie vipi, asijiamulie. Unga wa pakiti ambao sheria ya Kenya tangu 2012 inataka uongezwe chuma ni mzuri kwa nyumba nyingi. Mtoto wa seli mundu ale managu, kunde na nyama kama wenzake. Chakula si adui yake. Na yule ambaye kipimo kimethibitisha kuwa chuma chake kimepungua kweli, kwani hutokea hata kwa wenye seli mundu, atumie dawa aliyoandikiwa.

Na mtoto akianza kuhema kwa shida, viganja na ulimi vikawa vyeupe, bandama likavimba ghafla au akalegea asiweze kukaa, usikae nyumbani ukihofia chuma. Mpeleke usiku huohuo, aongezewe damu. Ukifika, waambie watu wa wodi kwamba mtoto ana seli mundu, waonyeshe orodha ya nyuma ya daftari, na uwaombe waiongezee mstari kabla hamjaruhusiwa kutoka.